Guerrero Negro: kwa nini mji wa chumvi ulijengwa jangwani pale, na si pwani nyingine?

Mwalimu wa Jiografia (swali)

Wanajukwaa, nawasalimu nyote.

Ninaandaa somo la sekondari kuhusu miji iliyozaliwa na bidhaa moja, na nimechagua Guerrero Negro, mji ulio katika rasi ya Baja California nchini Meksiko, upande wa Bahari ya Pasifiki, kusini kidogo tu ya latitudo ya nyuzi 28 Kaskazini ambayo ndiyo mpaka wa majimbo ya Baja California na Baja California Sur. Jina lake kwa Kihispania maana yake ni Shujaa Mweusi, nalo limetokana na Black Warrior, meli ya wawinda nyangumi iliyokwama na kupotea karibu na hapo mwaka 1858. Karne nzima baada ya ajali hiyo hapakuwa na mji. Palikuwa na mchanga, upepo na wangwa mtupu. Mji wenyewe ulianza mwaka 1957, na leo una watu zaidi ya 13,000 wanaoishi jirani na mashamba ya chumvi yanayotajwa kuwa makubwa kuliko yote duniani, yenye uwezo wa kutoa takriban tani milioni 7 kwa mwaka.

Nimekwama katika mambo matatu. Kwanza, maelezo mengi niliyosoma yanasema tu kwamba pale pana jua kali na maji ya bahari. Wanafunzi wangu wakaniuliza swali ambalo sikuwa na jibu lake: mbona jua kali na maji ya bahari vimejaa katika pwani zote za tropiki, tena zenye joto kuliko Guerrero Negro? Pili, nikiangalia picha za setilaiti naona mabwawa makubwa ajabu, mengine ya samawati, mengine ya kijani, mengine ya waridi, lakini chumvi nyeupe naiona katika sehemu ndogo tu. Tatu, nasoma kwamba chumvi ikishavunwa haipakiwi melini hapohapo bali hupelekwa kwanza katika kisiwa cha Cedros, ikashushwa, kisha ikapakiwa upya. Kwa bidhaa ya bei ya chini kama chumvi, kuipakia mara mbili kunaonekana kuwa hasara tupu.

Naomba kuwasilisha.

Mpima Maji

Mwalimu, wanafunzi wako wamegusa penyewe. Nimefanya kazi ya kupima ukolezo wa maji katika mashamba ya chumvi kwa miaka kadhaa, na somo la kwanza tulilopewa lilikuwa hili: usiulize kuna joto kiasi gani, uliza hewa ni kavu kiasi gani na upepo unavuma saa ngapi kwa siku.

Maji matamu hutoa mvuke hata hewa ikiwa na unyevu mwingi, ili mradi haijajaa kabisa. Maji yaliyokolea chumvi hayako hivyo, kwa sababu chumvi huyang'ang'ania. Yakishafikia kiwango ambacho hayawezi kuyeyusha chumvi zaidi, na unyevu wa hewa ukawa umepita takriban asilimia 75, hayatoi mvuke tena hata jua liwake namna gani. Badala yake yanaanza kunyonya maji kutoka hewani. Ndiyo maana chumvi iliyoachwa wazi hulowa bila mtu kuimwagia tone. Sasa fikiria pwani ya tropiki yenye hewa nzito na mvua ya milimita 1,000 kwa mwaka: kile jua lilichokitoa kwa miezi sita, mvua inakirudisha kwa wiki chache, tena inayeyusha chumvi iliyokwisha kutengenezwa.

Guerrero Negro iko ukingoni mwa jangwa la Vizcaíno, na mvua yake kwa kawaida haifiki milimita 100 kwa mwaka. Mkondo wa California unaopita baharini pale ni wa maji baridi, na maji baridi huinyima pwani mvua. Kweli, huleta pia ukungu wa asubuhi, na mtu anaweza kudhani kwamba ukungu huo ungeharibu kazi. Lakini upepo wa kaskazini-magharibi huvuma pale karibu mwaka mzima na kuisukuma hewa yenye unyevu kabla haijatulia juu ya mabwawa. Juu ya hayo, ardhi ni wangwa tambarare usioinuka sana juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo pampu hazina kazi ya kupandisha maji mlimani.

Kuhusu ukubwa wa mabwawa, nakuomba ufanye hesabu hii na wanafunzi wako, maana hakuna maelezo yatakayowaingia kama hesabu. Mita moja ya ujazo ya maji ya bahari ina takriban kilo 27 za chumvi ya kawaida. Ili kupata tani milioni 7 unahitaji, kwa uchache, mita za ujazo milioni 260 za maji, na karibu yote lazima yapae. Mabwawa ya Guerrero Negro yanachukua takriban hekta 30,000. Gawanya, utapata kina cha sentimita 87 hivi: yaani kila mwaka jua na upepo vinaondoa, juu ya eneo lote hilo, maji yanayomfika mtu mzima kiunoni. Kwa kweli ni zaidi ya hapo, kwa kuwa mengine hupotea ardhini na mengine hubaki bila kuvunwa. Hakuna kuni, makaa wala mafuta yanayoweza kufanya kazi hiyo kwa gharama ambayo chumvi ingeilipa.

Hapo ndipo lilipo pia jibu la swali lako la pili. Maji ya bahari hayaanzi kutoa chumvi mpaka yamepungua kufikia takriban sehemu moja ya kumi ya ujazo wake. Kwa hiyo sehemu kubwa ya eneo ni mabwawa ya kukolezea, ambayo hayana chumvi ya kuonekana. Chumvi inapatikana mwishoni, katika majaruba ya kuvunia, ambayo kwa ukubwa ni kama sehemu moja ya kumi ya mabwawa hayo.

Ukitaka wanafunzi walione jambo hili kwa macho, chukua lita tano za maji ya bahari na kuyaweka katika sinia pana mahali penye upepo. Kwa siku za kwanza hutaona kitu. Kisha chini ya sinia kutatanda vumbi jeupe linalokwaruza kidole. Hiyo ni chokaa. Maji yakibaki kama lita moja na nusu, zitaanza kuonekana sindano ndogo ndogo zinazong'aa. Hiyo ni jasi. Ngoja mpaka ibaki nusu lita. Hapo, juu ya maji kabisa, pataelea vipande vya mraba vidogo kama punje ya mtama, na ukiinamisha uso karibu utaona kwamba kila kimoja kina shimo katikati na kuta zenye ngazi, mfano wa paa lililogeuzwa juu chini. Vinakua kwa pembeni huku vinazama kidogo kidogo, na ukikigusa kimoja kwa ncha ya sindano kinatumbukia. Hiyo ndiyo chumvi yenyewe. Usiache sinia likauke kabisa. Maji ya mwisho ni mazito, yanateleza kama mafuta, na machungu sana, kwa sababu yamebeba magnesi na potasi. Yakikaukia humo, chumvi yako nayo itakuwa chungu na haitakauka kamwe. Wavuna chumvi wote, wakubwa kwa wadogo, huyamwaga kabla ya kuvuna.

Rangi ya waridi inatokana na viumbe hai. Katika mabwawa makali hustawi mwani uitwao Dunaliella salina pamoja na vijidudu vinavyopenda chumvi, na wekundu wao husaidia maji kufyonza joto la jua. Katika mabwawa yasiyo makali sana huishi kamba wadogo wa jamii ya Artemia wanaokula mwani, na ndege wa pwani nao huwafuata hao kamba.

Baharia

Mwalimu, nichangie kuhusu meli, kwa kuwa huko ndiko nilikokula ujana wangu, na niliwahi kuwa katika meli ya shehena iliyopakia chumvi Cedros.

Kabla hatujafika tulipewa kazi ya kuosha ngama zote, yaani vyumba vya shehena vilivyo tumboni mwa meli, kuzikausha, na kuzipaka kuta zake chokaa, kwa sababu chumvi hula chuma. Kisiwa ukikitazama kwa mbali ni milima ya rangi ya udongo, mikavu, isiyo na mti. Halafu kwenye ncha yake ya kusini, mahali paitwapo Morro Redondo, kunatokea kilima cheupe ambacho macho yanakikataa kwanza, kama kwamba si sehemu ya kisiwa. Mkanda wa kupakilia unaichota chumvi kutoka kilima hicho na kuimimina ngamani mchana na usiku. Vumbi lake lilitua juu ya sitaha, juu ya kamba, juu ya kope zetu, na kwa siku zile kila ulipolamba midomo ulionja mzigo wenyewe.

Sababu ya kupakia mara mbili ni kina cha maji. Hori la Ojo de Liebre, yaani mkono wa bahari ulio kando ya mashamba yale, ambalo kwa Kiswahili tungesema Jicho la Sungura, lina mlango wenye mafungu ya mchanga yanayohamahama na mawimbi yanayovunjika juu yake. Meli ya tani 100,000 na zaidi haiwezi kupita. Kwa hiyo chumvi hupakiwa katika tishali, vyombo bapa vya mizigo, kwenye gati la Chaparrito, ndani ya hori, na tishali hizo, kila moja ikibeba maelfu ya tani, huvutwa takriban kilomita 100 hadi Cedros ambako maji ni ya kina kirefu karibu kabisa na ufuo.

Sasa, je, ni hasara? Mimi nasema ndiyo siri ya mji ule. Chumvi ni bidhaa ambayo nauli yake inaweza kuzidi bei yake. Ukiisafirisha kwa meli ndogo, nauli ya kila tani inakuwa kubwa kiasi kwamba mnunuzi wa ng'ambo ataitafuta kwingine. Ukiipeleka Cedros kwa tishali na kuipakia katika meli kubwa, nauli ya kila tani inashuka mpaka inafidia ule mzunguko wa kwanza na kubakiza faida. Tukumbuke pia kwamba kampuni ya Exportadora de Sal, ndiyo yenye mashamba yale, iliyoanzishwa mwaka 1954, ilitokana na Daniel Ludwig, tajiri wa Marekani ambaye utajiri wake ulitokana na meli kubwa. Chumvi ya wangwa ule ilikuwapo tangu zamani na watu waliijua. Aliyeuona ule wangwa kama shehena ni mtu aliyekuwa na meli.

Soko la kwanza lilikuwa magharibi mwa Marekani, kisha Japani ikawa mteja mkubwa. Japani haina migodi ya chumvi ya mawe, mvua yake ni nyingi, na ardhi tambarare ni ya shida, ilhali viwanda vyake vinahitaji chumvi kwa wingi ili kutengeneza klorini na magadi makali ya viwandani, vitu vinavyoingia katika plastiki, karatasi, sabuni na kazi nyingine chungu nzima. Sehemu inayofika mezani kama kiungo ni ndogo mno. Ndiyo maana kampuni ya Mitsubishi ya Japani iliinunua Exportadora de Sal mwaka 1973. Serikali ya Meksiko ikachukua asilimia 51 mwaka 1976, na mwaka 2024 ikanunua asilimia 49 zilizobaki.

Jambo moja zaidi kwa ajili ya somo lako: barabara ya lami inayopita katika urefu wote wa rasi ilikamilika mwaka 1973. Kwa miaka 16 ya kwanza, basi, mji ule uliishi bila lami ya kuuunganisha na nchi yake, wakati chumvi yake ilikuwa tayari inavuka Pasifiki.

Mwalimu wa Jiografia

Nawashukuru sana, Mpima Maji na Mzee Baharia. Hesabu ya maji ya kiunoni nimeifanya usiku huuhuu na nitaipeleka darasani kama ilivyo.

Nina swali moja la nyongeza. Hori hilohilo la Ojo de Liebre linajulikana kwa nyangumi wa kijivu wanaokuja kuzalia humo. Mwanafunzi wangu mmoja anashikilia kwamba kiwanda cha chumvi kinawaua nyangumi, na mwingine anashikilia kwamba kiwanda ndicho kilichowaokoa. Nisingependa kuwaambia wote wawili kwamba wana haki kwa kuogopa kuwaudhi.

Mfuatiliaji wa Nyangumi

Mwalimu, waliowaua nyangumi wa hori lile kwa hakika wanajulikana, nao hawakuwa watu wa chumvi. Mwaka 1857 nahodha wa Marekani Charles Scammon aliigundua njia ya kuingia horini, akakuta majike na ndama wamejaa mahali pasipo na pa kukimbilia, na katika misimu michache wawindaji waliomfuata walikuwa wamewamaliza kiasi kwamba safari haikulipa tena. Kwa Kiingereza hori bado huitwa kwa jina lake, jambo ambalo binafsi hunisikitisha kila ninapoliona kwenye ramani. Wawindaji walimwita nyangumi huyu samaki shetani, kwa kuwa jike aliyeona ndama wake amechomwa alizipindua mashua. Ukatili ulikuwa wa nani, kila mtu anaona.

Meksiko ililitangaza hori kuwa hifadhi ya nyangumi mwaka 1972. Hifadhi kubwa ya El Vizcaíno, yenye takriban hekta milioni 2.5, ilitangazwa mwaka 1988, na mahali wanapozalia nyangumi pakaingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 1993. Katika miaka hiyo yote pampu zilikuwa zikifanya kazi na tishali zikipita, na nyangumi waliongezeka, hata Marekani ikawaondoa katika orodha ya viumbe walio hatarini mwaka 1994. Kwa hiyo mwanafunzi wako wa kwanza hana ushahidi. Lakini wa pili naye amekosea sababu, kwa kuwa kilichowaokoa ni marufuku ya uwindaji.

Mtihani mkubwa ulikuja kampuni ilipotaka kujenga mashamba mengine ya ukubwa wa kulingana na yale ya kwanza katika hori la San Ignacio, upande wa kusini, ambako hakukuwa na kiwanda chochote, pamoja na gati refu la kama kilomita mbili kuingia baharini. Wavuvi wa huko, wanamazingira wa Meksiko na watu wa nchi nyingi walipinga kwa miaka mitano. Tarehe 2 Machi 2000 Rais Ernesto Zedillo alitangaza kwamba mradi umefutwa. Hakusema kwamba chumvi inaua nyangumi. Alisema kwamba mandhari ile ni ya pekee na haipaswi kubadilishwa. Naiheshimu sana sababu hiyo, kwa sababu haikungojea mzoga uonekane ufukoni.

Wanafunzi wako wajue pia kwamba nyangumi hawa wamepata pigo jipya. Idadi yao ilishuka kutoka takriban 27,000 mwaka 2016 hadi takriban 14,500 mwaka 2023, na mizoga mingi ilionekana kati ya 2019 na 2023 kutoka Meksiko hadi Alaska. Watafiti wanakitafuta chanzo katika bahari za kaskazini wanakokula, ambako barafu na chakula vimebadilika. Nyangumi akifika Ojo de Liebre amekonda, njaa hiyo ameileta kutoka kaskazini.

Mpima Maji

Dada amesema vizuri, na kuhusu San Ignacio niko naye. Hata hivyo nisingependa somo liishie kwenye nyangumi, kwa sababu nyangumi ni mkubwa na anayaficha mengine.

Yale maji machungu niliyoyataja, yanayobaki baada ya chumvi kuvunwa, ni mengi mno katika shamba la ukubwa ule, na lazima yaende mahali. Ni mazito kuliko maji ya bahari, kwa hiyo yakimwagwa bila kuchanganywa vya kutosha huzama na kutambaa chini, penye nyasi za bahari, kaa na kombe. Nyangumi anayepumua juu hayasikii. Mwezi Desemba 1997 kasa zaidi ya 90 walikutwa wamekufa katika Ojo de Liebre, na mjadala mkali ukazuka kuhusu maji hayo wakati uleule ambapo mradi wa San Ignacio ulikuwa unapiganiwa. Mwanafunzi wa kwanza, Mwalimu, mwelekeze huko. Aliuliza jambo la haki, ila alimtazama mnyama asiye sahihi.

Mwalimu wa Jiografia

Nimekuelewa, na nitamwambia. Ombi langu la mwisho ni kwa Mzee Baharia: kuna kitu gani ambacho wanafunzi wanaweza kukitafuta wenyewe kwenye picha za setilaiti, wakaona kwa macho yao hiyo shida ya kina cha maji?

Baharia

Kipo. Waambie waanze mjini na kufuata barabara nyembamba inayokwenda kaskazini-magharibi, imenyooka juu ya tuta katikati ya wangwa, maji pande zote mbili, mpaka inapofika kwenye hori jingine dogo linaloitwa Guerrero Negro kama mji. Mwisho wake kuna gati kuukuu. Hapo ndipo chumvi ya miaka ya mwanzo ilipopakiwa, kabla ya kazi kuhamia Chaparrito na Cedros katika miaka ya 1960. Kisha wautazame mlango wa hori hilo upande wa bahari, wahesabu mistari myeupe ya mawimbi yanayovunjika juu ya mafungu. Baada ya hapo warudi kusini, waitafute Chaparrito, na wapime kwa rula njia ya tishali hadi Morro Redondo.